Mtu Mzima na Somo la Mtandaoni

Mtu mzima wa Bukoba au Muleba anayejiandikisha kusoma kwa njia ya mtandao, yaani kupokea masomo na maelekezo ya mwalimu kupitia simu au kompyuta, huja na mambo ambayo mtoto bado hana: kazi inayomlisha, familia inayomtegemea, na maarifa aliyoyachuma kibanjani, ziwani au dukani kabla ya kumjua mwalimu wake. Mtoto hukubali kupangiwa cha kujifunza kwa ajili ya siku za mbele, lakini mtu mzima hutaka kujua kwanza somo litamfaa nini sasa. Taaluma ya kumsaidia mtu mzima ajifunze huitwa andragojia, na aliyeieneza zaidi ni Mmarekani Malcolm Knowles, kwa kitabu chake cha mwaka 1970.

Mkoa wa Kagera, zilipo Bukoba na Muleba, uliyafahamu hayo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, mkoa huo ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyojaribu, kwa msaada wa UNESCO, kisomo chenye manufaa, yaani kufundisha kusoma na kuandika kupitia kazi ya mwanakisomo mwenyewe, ndiyo maana vitabu vyake vilizungumzia migomba, pamba na uvuvi.

Hata hivyo uzoefu wa mtu mzima, ambao wengi huusifu tu, waweza pia kuwa kizuizi. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulipogunduliwa Muleba mwaka 2006, mkulima alitakiwa kuacha desturi ya kupitisha panga lile lile kutoka mgomba hadi mgomba bila kulisafisha, na kuondoa ua dume kwa mti wenye panda, kwa kuwa wadudu hubeba bakteria kutoka ua hadi ua. Mtoto angefundishwa jambo hilo kama jambo jipya. Mkulima wa miaka mingi hana budi kwanza kushawishika kwamba alilolizoea linamdhuru, na video ya dakika chache isiyompa nafasi ya kuuliza na kubishana haitoshi kumshawishi.

Mtoto anayesoma mtandaoni huhitaji ratiba na mtu mzima wa kumsimamia. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hujisimamia mwenyewe, mara nyingi usiku baada ya kazi, akitumia bando alilolinunua kwa fedha yake. Naye aliye katika visiwa vya Muleba hufaidika zaidi na somo fupi linaloweza kupakuliwa na kusomwa hata mtandao unapokatika.

Wanaotayarisha masomo ya mtandaoni kwa watu wazima wa Kagera wasihamishe tu vitabu vya shule kwenye simu, bali waanze kwa kumuuliza mwanafunzi anafanya kazi gani, anajua nini tayari na anapata muda gani wa kusoma, ndipo waandike somo la kwanza.