Si mngeirudisha tu tanurini?

Kwenye kipindi kilichopita tulichekana sana, jinsi tunavyoshindwa kuwaeleza wazazi kazi zetu kwa Kiswahili. Basi wiki hii nimejaribu. Kazi yangu ni metali za injini za ndege, na Baba alitaka kujua kwa nini siku moja, zamani kidogo, nilirudi nyumbani nimenuna.

Nikamwanzia na diski, ile inayoshika mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto. Nyingi hutengenezwa kwa aloi iitwayo Inconel 718, ambayo Herbert Eiselstein wa International Nickel huko Marekani aliipatia hataza mwaka 1962. Nusu yake na kidogo ni nikeli, kuna chuma na kromiamu, halafu niobiamu kama asilimia 5. Hiyo niobiamu ndiyo yenye mambo.

"Baba, fikiria shira ya kaimati." Maji ya moto humeza sukari nyingi, shira ikipoa na kukaa, sukari inarudi kuwa chenga. Kwenye metali ni hivyo hivyo, ila hakuna kinachokuwa maji. Tunaipasha hadi nyuzi 980 kwa saa moja, niobiamu inatawanyika ndani ya nikeli. Tunaipoza haraka, atomi zinakosa muda wa kukusanyika. Hapo bado ni laini. Ndipo inarudi tanurini: nyuzi 720 saa 8, inashushwa polepole hadi 620, inakaa tena, mpaka zitimie kama saa 18. Ndani yake vinaota visahani vya fuwele, vya nanomita 20 hivi. Metali hupinda safu za atomi zinapoteleza, na visahani hivi vinaziba njia. Nguvu inapanda mara mbili au zaidi, kupita megapaskali 1,000.

"Kumbe mnapika."

"Tunapika, Baba."

Sasa ile siku. Kipimajoto cha tanuri kilikuwa kinasoma chini ya joto halisi, kwa hiyo kwenye ile saa ya kwanza tanuri likavuka 1,030. Kwa nyuzi 980 kuna fuwele za aina nyingine, za delta, zinazobaki kwenye mipaka ya punje za metali na kuzizuia zisikue. Ukivuka hapo zinayeyuka, punje zinavimba, na diski yenye punje kubwa huanza kupasuka mapema ikizungushwa safari baada ya safari.

"Si mngeirudisha tu tanurini?"

Swali zuri, bana, maana hata mimi nililiuliza. Visahani vikiharibika, ndiyo, unaipasha upya, vinayeyuka, unaanza tena. Lakini punje zikishakua, moto pekee hauzipunguzi; lazima metali ifuliwe upya, na diski yetu ilishapewa umbo lake. Zote zikaenda skrepa.

Mzee akanyamaza kidogo. "Na ile ndege tunayopanda kwenda Mombasa, nayo ilipikwa saa 18?"

Nikamwambia baadhi ya diski zake, karibu hakika.