Nyumba ni Sitara: Niliyoyaona Tabaka



Wasomaji wetu wapenzi, wengi katika sisi watu wa pwani tunalo jiwe la Kisii nyumbani pasi na kulijua. Ni kile kibakuli cheupe cha kutilia hina, au kile kiboko kidogo kilichokaa katika kabati la vyombo karibu na birika za arusi. Maduka yetu ya vinyago yamejaa kazi hizo, na wageni huzinunua wakidhani zimechongwa papa hapa Mombasa. Asili yake ni Tabaka, mji mdogo wa milimani katika Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii.

Nilifika huko kwa kumfuata jirani yangu, mfanyabiashara wa vinyago, aliyekwenda kuagiza bidhaa. Nilivutiwa na kazi ile. Wanaume huchimba jiwe la sabuni katika machimbo ya kilimani, kisha hulichonga likiwa na unyevu kwa panga, patasi na visu. Likishapata umbo, wanawake hulipokea. Wao hukaa mbele ya beseni za maji, wakasugua kwa msasa tangu ule mkwaruzo mpaka ule laini, hata jiwe likang'ara kama kigae. Mchongaji mashuhuri wa huko, Elkana Ong'esa, alichonga sanamu kubwa ya Ndege wa Amani, ambayo imewekwa katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Jiwe la Tabaka limepata makao ya heshima Ulaya. Je, mikono inayolisugua nayo ina pa kulala?

Swali hilo nililipata kwa mama mmoja mjane miongoni mwa wasuguaji. Jina lake sitalitaja, kwani aliniomba nimsitiri. Mumewe alipofariki, jamaa za mume walimwambia kuwa boma ni la ukoo, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kiume, hana fungu. Kurudi kwao hakukuwezekana, maana kwa desturi binti aliyeolewa hakuwekewa shamba. Basi akawa analala jikoni kwa watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na siku nyingine katika kibanda cha kusugulia mawe.

Nikamwuliza, "Mama, lililokuwa zito zaidi ni lipi? Baridi au mvua?"

Akanijibu, "Si mvua, sheikh. Ni alfajiri. Aliyelala kwa watu lazima aamke kabla ya wenyewe, wasimkute bado amelala. Miaka miwili sikupata kulala mpaka jua likatoka."

Maneno yale yalinichoma, na nitawaeleza sababu yake bila ya kujitetea. Zamani kidogo palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akikaa katika baraza ya msikiti mmoja niliokuwa nikisalisha. Kila nikifika kwa sala ya alfajiri humkuta ameamka, ameketi, mkeka wake umekunjwa. Nikamsifu moyoni kwa kupenda ibada. Nikamtolea salamu na kumpita. Siku moja sikumwona tena, wala sikuuliza alikokwenda. Ilinibidi nisafiri hadi milima ya Kisii ndipo nijue kwa nini mtu huamka mapema namna ile.

Turudi Tabaka. Mama yule hakuokolewa na mgeni. Waliomsimamia ni wenzake wa beseni. Wagusii wana desturi ya kale iitwayo egesangio, kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wanawake wale waliichukua desturi hiyo wakaitia katika ujenzi. Kila walipolipwa ujira wa kusugua, kila mmoja aliweka kidogo. Kwanza walikwenda kwa wazee na kwa chifu kudai kiwanja cha marehemu, kwani walijua kuwa nyumba iliyojengwa juu ya ugomvi haidumu. Kiwanja kilipopatikana, wakanunua miti na mabati, wakamlipa fundi wa kenchi, na kukandika wakakandika wenyewe. Ni vyumba viwili tu, lakini mlango una kufuli, na ufunguo anao yeye.

Masaibu haya si ya mtu mmoja. Kaunti ya Kisii, kwa hesabu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 1,266,860, takriban 957 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata likabaki ukanda mwembamba wa migomba. Ardhi ikibana, wa kwanza kusukumwa nje ni mjane. Tena baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, zaidi ya watu laki sita nchini walikimbia makazi yao. Wengi wenye asili ya Kisii na Nyamira waliokuwa Bonde la Ufa walirejea kwa jamaa, wakajibana katika viwanja hivyo hivyo. Serikali ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujengea waliobomolewa nyumba, lakini wengi waliohifadhiwa na jamaa hawakuonekana, kwa kuwa hawakuwa kambini. Mtu aliyelala jikoni kwa shemeji hahesabiwi kuwa hana makao.

Wapo waliolifanyia kazi jambo hili kwa utaratibu. Shirika la Habitat for Humanity, lililoanza kazi Kenya mwaka 1982, lilijengwa juu ya kanuni hii: familia hushiriki kujenga kwa mikono yake, kisha hulipa gharama kidogo kidogo bila faida, na fedha zinazorudi humjengea mwingine. Waasisi wake ni Wakristo. Lakini Mwislamu anayejua uzito wa riba hawezi kuisikia kanuni hiyo asiseme kuwa hii ni karadha njema. Nalo Undugu Society, lililoasisiwa Nairobi na padri Arnold Grol mwaka 1973, lilianza na watoto wa mitaani, likaja kuwasaidia wakazi wa vijiji vya mabanda kujenga nyumba za gharama nafuu.

Na sisi je? Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na kati yao 7,529 walikuwa Mombasa, ya pili baada ya Nairobi. Hao ni wa barabarani tu. Walio katika baraza zetu na jikoni mwetu hawamo.

Wala hatuwezi kusema hatukuonyeshwa njia. Katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) palitengwa Suffa, kivuli cha wahajiri wasio na nyumba wala jamaa, na miongoni mwao alikuwa Abu Huraira (r.a.). Mahala pa sala palikuwa pia mahala pa kulala asiye na pa kulala. Wazee wetu wa pwani walifuata nyayo hizo kwa wakfu, wakiacha nyumba na mashamba ili mapato yake yawafae misikiti, mayatima na mafakiri.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu kwa familia zisomazo ukurasa huu. Kwanza, kabla ya kutafuta maskini wa mbali, ulizeni nani katika ukoo wenu analala kwa watu: mtalaka aliyerudi, shangazi aliyezeeka, mjane wa kaka. Mirathi yake ilitolewa? Kama haikutolewa, huko hakuitwi kumsaidia, kunaitwa kumrudishia haki yake. Pili, akina mama wenye vyama vya kuweka na kukopa, tengeni mara moja kwa mwaka zamu isiyo ya mwanachama, iwe ya paa la mtu. Tatu, mwenye chumba kimoja cha ziada na aweke wakfu kodi yake, hata kama ni ya mwezi mmoja katika mwaka.

Siku ya kuondoka nilipita kwa mama yule kuaga. Ilikuwa saa mbili asubuhi, wenzake wamekwisha kaa kwenye beseni. Nikauliza yuko wapi. Wakacheka, wakanionyesha mlango uliofungwa.

"Bado amelala, sheikh," mmoja wao akasema. "Mwache."

Nikamwacha. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe sababu ya usingizi wa mtu.