Meli ya Liuli na Silaha Zinazozimwa

Barabara inayoteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za kona na milima. Kaskazini mwa Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ipo Liuli. Jiwe kubwa lililochomoza majini hapo liliwakumbusha Wajerumani sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen.

Agosti 13, 1914, meli yao ya kivita, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa chelezoni kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba Ulaya vita vimeshaanza. Mara meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaanza kuishambulia kwa mzinga. Aliyeiongoza alikuwa Rhoades, rafiki aliyezoea kunywa naye! Berndt akadandia mashua ndogo, akaifuata Gwendolen kumgombeza mwenzake, akidhani amelewa. Akaambiwa kuna vita, na yeye ni mateka.

Waingereza waliing'oa meli silaha na vipande muhimu vya mashine, wakaondoka.

Werevu wa kazi hiyo unaonekana ukijua mzinga unavyofyatua. Baruti ikiwaka hutoa gesi yenye nguvu kubwa. Mlango wa nyuma usipofungwa barabara, gesi hutorokea nyuma, na bomba lote lile refu linabaki chuma tu.

Bastola nayo ni hivyo hivyo. Wanaokusanya zile za jeshi la Japani, ambalo askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza, kutoka Tanganyika walipambana nalo Burma mwaka 1944, wanaijua ala ya ngozi ya Nambu Aina ya 14: ina kifuko kidogo cha sindano ya akiba, ile inayogonga kitako cha risasi. Sindano ikivunjika vitani, mwenye bastola alitia nyingine akaendelea. Kwa hiyo kuitoa sindano peke yake hakutoshi. Uingereza, bastola ya ukumbusho huzibwa bomba kwa chuma na kuchomelewa, isiweze kurudishwa, ndipo ipewe cheti.

Meli ya Liuli haikuzimwa kwa kiwango hicho, na hatari ya kurudi majini ilibaki palepale. Mei 30, 1915, Waingereza walirudi wakiongozwa na Dennistoun, wakapambana na Wajerumani ufukweni na kuiharibu zaidi. Hata hivyo, mwaka 1918 ilitengenezwa, ikaanza tena safari za ziwani chini ya bendera ya Uingereza, kwa jina la King George.