Jenereta Haichukui Nafasi ya Taa za Dharura

Kila gridi ya taifa inapoanguka, kama ilivyoanguka tarehe 25 Agosti 2023 na tena kabla ya mwaka huo kwisha, wenye magorofa ya Wang'uru, mji wa Mwea, huwauliza mafundi wa stima swali lile lile: jengo lenye jenereta lina haja gani ya taa za dharura? Swali hilo limepotoka tangu mwanzo, kwa sababu linadhani kwamba giza la kuogopwa ni lile linaloufunika mji mzima, ilhali giza la hatari zaidi ni la ujia mmoja wa orofa moja, wakati majirani wote wana umeme.

Moto ukizuka katika chumba cha wageni na kuunguza waya, breka, yaani swichi ya kinga inayojikata yenyewe waya zinapogusana, huzima taa za orofa hiyo peke yake. Stima bado ipo kwenye mita, friji za hoteli ya chini bado zinanguruma, na jenereta, ambayo husubiri umeme upotee kwenye njia kuu ya jengo, haiwaki, huku wageni wakipapasa kuta ndani ya moshi kutafuta ngazi. Kasoro hiyo haitibiwi kwa kununua jenereta kubwa zaidi, wala kwa inveta ya sola, kwa kuwa vyote viwili hulisha waya zile zile zilizokwisha kukatika.

Hata gridi yenyewe inapoanguka, jenereta huhitaji muda wa kuwaka na kupokea mzigo, na pale ambapo mlinzi ndiye anayeiwasha kwa mkono, muda huo ni wa kumtafuta mlinzi. Katika vinu vya kukoboa mpunga vya Mwea, mikanda na magurudumu huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki baada ya umeme kukatika, na mfanyakazi aliyesimama kando yake gizani hana nusu dakika ya kungoja. Isitoshe, jenereta hukataa: usiku ule wa Agosti 2023 abiria walikaa gizani katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kwa sababu jenereta iliyotegemewa haikuwaka. Na baada ya wavulana 21 kufa kwa moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, katika kaunti jirani ya Nyeri, usiku wa Septemba 2024, haifai kabisa mtu kuendelea kulitetea tegemeo la namna hiyo katika nyumba wanamolala watu.

Taa ya dharura kwa kawaida hubeba betri yake yenyewe na huwaka mara saketi ya taa za mahali hapo inapokufa. Kwa hiyo iunganishwe kwenye saketi hiyo hiyo, kabla ya swichi ya ukutani, la sivyo mtunza jengo anayebana tokeni ataizima na betri haitachaji kamwe. Gorofa ndogo itoshelezwe na taa zenye betri ndani. Jengo kubwa laweza kutumia betri kuu moja, mradi nyaya zake zistahimili moto. Kwenye gesti, alama za kutokea ziwake daima. Dukani yatosha ziwake umeme unapokatika. Taa zote zidumu saa 3, zitoe walau luksi 1 sakafuni katikati ya njia ya kutokea (luksi ni kipimo cha mwanga unaofikia eneo, na 1 huzidi mwanga wa mbalamwezi mara kadhaa), na zifungwe kwenye kila ngazi, kila kona, karibu na vizimamoto na nje ya mlango wa mwisho, mbili mbili kila sehemu ya njia ili moja ikifa nyingine ibaki. Vinuni zinunuliwe zilizozibwa dhidi ya vumbi la pumba. Kila mwezi zijaribiwe kwa kukata umeme kwa muda mfupi, kila mwaka ziachwe ziwake saa 3 kamili wakati jengo halina watu, na betri isiyofikisha muda huo ibadilishwe wiki hiyo hiyo.