Hodi ya kompyuta: kutoka mlango namba 70 wa Minnesota hadi Kampala

MINNEAPOLIS

Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, programu ndogo inayotukusanyia habari ilituandikia mstari mmoja tu: kosa namba 110, muda wa kuunganishwa umekwisha. Kwetu Minneapolis ilikuwa bado asubuhi, Kampala giza lilikuwa limeshaingia. Kompyuta iliyoko ofisini kwa mwenzetu huko ilikuwa haijibu. Tulijaribu tena baada ya dakika tano, jibu likawa lile lile.

Baadaye ilifahamika kwamba mamlaka za Uganda zilikuwa zimeamuru njia zote za intaneti zifungwe. Sisi tulikuwa tumekwisha kuisoma habari hiyo katika namba ile, kabla hatujaisikia kwa mtu yeyote.

Msomaji akifungua tovuti huona vichwa vya habari na picha. Kinachofanyika nyuma ya pazia hakioni, na pengine si kazi yake kukiona. Hata hivyo, kwa sisi tunaoandika tukiwa mbali na nyumbani, jambo hilo linafaa kuelezwa.

Kila kompyuta iliyo kwenye intaneti ina anwani yake, mfano wa namba ya nyumba. Ndani ya anwani hiyo kuna milango, ambayo wataalamu huiita poti, na hesabu yake hufika 65,535. Kurasa za tovuti hutumia mlango namba 80 au 443, na barua pepe hupokelewa kwenye mlango namba 25. Kila ncha ya mawasiliano baina ya kompyuta mbili huitwa soketi.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jinsi soketi inavyofunguliwa. Kompyuta ya kwanza hupiga hodi. Ya pili ikiwapo hujibu karibu. Ya kwanza huitikia kwamba imesikia, ndipo mazungumzo yanapoanza. Ni hatua tatu tu, nazo humalizika chini ya sekunde moja hata baina ya Marekani na Afrika Mashariki.

Lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliitoa hadharani mwaka 1995, ina amri ya kupiga hodi hiyo. Amri hiyo ni fsockopen. Mwandishi wa programu huitajia jina la kompyuta, namba ya mlango na sekunde za kusubiri. Sekunde hizo ndizo watu wengi huzisahau, na sisi tulizisahau pia. Usipozitaja, kwa kawaida PHP husubiri sekunde 60. Siku moja seva moja tu ya nyumbani ililala, na ukurasa wetu mzima ukabaki mweupe kwa dakika nzima. Tangu siku hiyo tunasubiri sekunde tano, kisha tunaonyesha habari za mwisho tulizozihifadhi.

Aidha, tulijifunza kutofautisha makosa mawili. Katika kompyuta zinazotumia Linux, namba 111 maana yake hodi imekataliwa: nyumba ipo na umesikika, lakini mlango huo hauna mpokeaji. Mara nyingi hapo ni fundi tu amezima programu. Namba 110 ni kimya kitupu. Huenda umeme umekatika, huenda waya umekatwa, na huenda nchi nzima imefungwa. Wakongo wanakijua kimya hicho: baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilizimwa nchini mwao kwa takriban siku ishirini.

Mji huu tunaoishi una historia yake katika jambo hili. Ukitoka mtaa wa Cedar-Riverside, ambako Kisomali na Kiswahili husikika dukani na kwenye basi, ukavuka daraja la Washington Avenue juu ya mto Mississippi, unaingia upande wa pili wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Hapo mwaka 1991 Mark McCahill na wenzake walitoa mfumo wa Gopher, uliopewa jina la mnyama mchimba mashimo ambaye ni nembo ya chuo hicho. Ulitumia mlango namba 70.

Gopher ni rahisi mno. Unafungua soketi, unatuma mstari mmoja, unapokea orodha au maandishi, na seva inafunga mlango. Tuliijaribu kwa mistari michache ya PHP dhidi ya mojawapo ya seva za Gopher ambazo bado zipo, na orodha ikaja bila taabu.

Kwa nini basi dunia ikaiacha? Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja hutajwa sana. Mwaka 1993 chuo kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva wangetozwa ada. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo, kituo cha utafiti cha CERN cha Uswisi kilitangaza kuwa mfumo wake wa wavuti ni bure kwa wote. Watu wakahamia kusikodaiwa kitu. Chuo kiliiachia programu yake kwa leseni huru mwaka 2000, wakati wageni wameshaondoka.

Mlango namba 70 uliachwa kwa sababu ya ada. Milango ya Kampala ilifungwa kwa amri. Anayepiga hodi kutoka nje hupata hasara ile ile, ila wa Kampala hakuwa na pengine pa kuhamia.

Tulipoamka tarehe 18 Januari, kosa namba 110 lilikuwa limetoweka. Mitandao ya kijamii ilikuwa bado imebanwa, lakini kompyuta ya mwenzetu ilikuwa imeitikia karibu. Ilituletea habari za siku tano kwa mkupuo mmoja, na ya kwanza ilikuwa ya mwenzetu mwenyewe, mstari mmoja: ni mzima.