Kwa Nini Baba Hutajwa Mara Mbili

Fungua daftari la insha la mwanafunzi wa gredi ya nne au ya tano huko Nunguni, juu kwenye milima ya Kilungu, na si ajabu ukakutana na sentensi kama hii: “My father he went to the market.” Mwalimu anakata “he” kwa kalamu nyekundu, alama inapungua, na wiki inayofuata “he” amerudi palepale.

Tusimwite mtoto huyo mzembe. Amefuata kanuni, tena kwa uaminifu, ila ni kanuni za kwao. Kwa Kiswahili tunasema “baba alienda sokoni”. Ile a- iliyotangulia kitenzi inamtaja baba mara ya pili, na hatuwezi kuiacha eti kwa sababu baba amekwisha kutajwa. Kikamba cha nyumbani kwake nacho, kama ndugu zake wa Kibantu, hukitwisha kitenzi kiambishi cha mtendaji. Mtoto anapoingia kwenye Kiingereza anaitafuta a- yake, anakuta “went” imesimama tupu, basi anachukua “he” kuziba pengo. Na kwa kuwa a- haibagui mume na mke, kesho utasoma “My mother he cooked”.

Wazungumzaji wa Kihispania wana shida hiyohiyo, ila imegeuzwa. Kitenzi chao pia humbeba mtendaji, lakini mwishoni, na mara nyingi hapahitajiki neno jingine la kumtaja. Kwao “llueve” ni sentensi kamili, maana yake mvua inanyesha. Kwa hiyo wakianza Kiingereza husema “Is raining”, na “it” wameiacha njiani. Mkamba anaongeza, Mhispania anapunguza, na chanzo ni kimoja: kila mmoja anaamini kitenzi cha Kiingereza kimeumbwa kama cha kwao.

Robert Lado, mwanaisimu wa Marekani aliyelelewa Uhispania, aliliandikia kitabu jambo hili mwaka 1957. Hoja yake ilikuwa kwamba ukizilinganisha lugha mbili, utajua mapema mwanafunzi atajikwaa wapi. Miaka kumi baadaye, mwanaisimu mwenzake, Pit Corder, alitenganisha kuteleza ulimi, ambako humpata hata mwenye lugha, na kosa linalojirudia, ambalo humwonyesha mwalimu kanuni iliyomo kichwani mwa mwanafunzi. Mwaka 1972 mwanaisimu mwingine, Larry Selinker, akaongeza kwamba anayejifunza hujijengea lugha ya katikati: si ya nyumbani, si ya kitabuni, lakini ina utaratibu wake.

Utaratibu huo husikika vizuri kwenye swali la kukanusha. Mwalimu anauliza, “Haven’t you finished?” Mtoto anajibu, “Yes.” Mwalimu ananyoosha mkono apokee daftari, mtoto anabaki ameduwaa. Ukimwuliza kwa Kiswahili, “Hujamaliza?”, atajibu “Ndiyo”, yaani ni kweli usemavyo, sijamaliza. Kwetu jibu huliangalia swali kama limesema kweli. Kiingereza huliangalia tendo kama limefanyika. Kamusi haitamsaidia hapo, kwa sababu maneno yote anayajua.

Miundo mingine hukaa upesi. Kikamba husema “mũndũ mũseo”, mtu mwema, jina mbele na sifa nyuma. Kiingereza hupindua mpangilio huo, lakini mtoto amesikia “good morning” mara nyingi kabla ya kuambiwa kivumishi ni nini. Ameupokea muundo ukiwa mzima, kama anavyopokea salamu.

Hapo ndipo somo la mwalimu lilipo. Mwaka 2004, mtafiti Hartsuiker na wenzake waliwapa watu wanaojua Kihispania na Kiingereza mchezo wa kuelezana picha. Waliosikia sentensi ya Kihispania katika kauli ya kutendwa walielekea zaidi kuitumia kauli hiyo walipoeleza picha iliyofuata kwa Kiingereza. Muundo uliosikika katika lugha moja ulimwamsha ndugu yake katika lugha nyingine. Nasi kauli hiyo tunayo: kupika, kupikwa. Mtoto wa Kilungu anayesumbuliwa na “was cooked” hahitaji kufundishwa upya wazo la kutendwa. Anahitaji kuonyeshwa kwamba kazi ya ile -w- Kiingereza huifanya kwa maneno mawili.

Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, Kenya imeshikilia kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, kisha Kiingereza kishike usukani. Kwa hiyo mtoto anapoingia darasa la nne, miundo migeni humjia kwa mkupuo, katika sayansi na katika hesabu. Mwalimu anayekipiga Kikamba marufuku mlangoni anaitupa ramani ya njia ambayo mtoto amepitia.

Kuitumia ramani hiyo hakuhitaji vifaa. Andika ubaoni “Baba alienda”, na chini yake “Father went”. Zungushia duara ile a-, kisha uwaulize watoto iko wapi kwenye mstari wa pili. Wataitafuta wee, waikose. Wakishaikosa kwa macho yao wenyewe, wape chaki wakaifute “he” ya kwenye “My father he went”.