Pombe ya mtama ibaki, lakini mtoto asitumwe

Bibi alipoanza kuloweka mtama, sisi wajukuu tulijua wiki hiyo kuna watu watakuja kutusaidia kulima. Mtama uliota, ukaanikwa, ukasagwa ukawa kimea. Kisha alipika uji, akauacha upoe, akatia kimea na kufunika mtungi. Baada ya siku chache pombe ilichujwa, na ilibidi inywewe upesi kabla haijachacha kupita kiasi.

Wapenzi wa pombe hii bado wapo Kishapu. Watakwambia bia ya chupa haina ujirani, maana hainywewi kwa kupokezana kata. Ninawaunga mkono. Ardhi yetu ni kame, mtama unavumilia jua, na mama anayepika pombe mara nyingi ndiye anayenunua daftari na sare. Heri hiyo kuliko gongo, au vile viroba vya plastiki vilivyopigwa marufuku mwaka 2017.

Ila kwa mtoto, wazee wangu, tusitaniane. Pombe ikiuzwa nyumbani, wateja huketi uani, palepale mtoto anapofanyia kazi za shule. Binti huhudumia, kijana hutumwa na ndoo. Mimi nilitumwa, na nilionja njiani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Mzazi asisubiri mgambo aje kumkumbusha.

Jirani yangu mmoja, mpika pombe, alijenga kibanda cha nyasi nje ya ua, akahamishia huko mitungi na mabenchi. Wateja walinung'unika wiki ya kwanza, wakazoea. Taa ya uani sasa ni ya madaftari.